Mdomo wa Kegi

Jumapili, 1 Juni

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote: sisikii harufu. Hata moja. Si ya maandazi, si ya mtaro, si ya parafini, si ya nywele zinazoungua. Ilianza mwaka wa korona, nikiwa darasa la sita. Niliamka asubuhi moja nikanywa chai, na chai ikawa maji ya moto yenye rangi. Redioni walikuwa wanasema hiyo ndiyo dalili, na kwamba mwenye dalili anakuja kuchukuliwa na watu waliovaa nailoni nyeupe, kisha nyumba yake inakaguliwa. Wakati huo mama alikuwa na mitungi miwili ya kangara nyuma ya kitanda. Kangara ni molasi na chachu zilizolala mpaka zikachacha. Ukiipika inatoka chang'aa. Nikafikiri, wakija kunichukua mimi watamkuta yeye. Nikanyamaza. Nilidhani itarudi baada ya wiki. Haikurudi, na miaka ikapita mpaka ikawa aibu kusema.

Hakuna aliyegundua kwa sababu nimejifunza kusoma harufu kwenye nyuso za watu. Mtu akikunja pua, nami nakunja. Mama akifunua sufuria akatabasamu, nasema, "Mmh." Mimi si mtu wa maneno mengi, kwa hiyo "mmh" inatosha.

Ninaandika haya sasa kwa sababu tumeanza mwezi vibaya na sina mtu wa kuongea naye. Mwezi uliopita vijana wa chifu walishuka hapa mtaani kwetu Kongo, wakafika mpaka mtoni nyuma ya ploti tunayopanga, wakatoboa pipa la mama la kupikia kwa shoka. Mama hakukamatwa kwa sababu alikuwa Lavington akifua nguo za watu. Aliporudi alilitazama lile pipa, akasema tu, "Sawa." Tangu siku hiyo anafua nguo siku sita na bado haitoshi.

Jumanne, 3 Juni

Manyunyu. Baridi. Hakuna kipya.

Ijumaa, 6 Juni

Maabara. Bwana Kagiri, mwalimu wetu wa kemia, alipitisha chupa ya gesi iliyotengenezwa kwa salfa, kila mmoja apepee kwa mkono na aandike inanuka nini. Mimi hukaa na Waithira, kwa hiyo nilimngoja apepee yeye kwanza. Akarudi nyuma na kufunika mdomo. "Yesu! Mayai!" Nikaandika mayai yaliyooza.

Kisha akatoa chupa yake ya sanitaiza akajimwagia mikononi, akapaka na dawati letu lote, mpaka upande wangu. Hufanya hivyo kila siku. Baba yake ana ploti Riruta Satellite, na nadhani hapendi kugusa alipogusa mtu wa Kongo. Nilisogeza kitabu changu kisilowe.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya kanisa tulikwenda Kibera, kwa anko Oluoch, ndugu yake mama. Ana kibanda cha kuchomelea karibu na reli, anatengeneza milango na madirisha. Tulipofika, anko alituonyesha kitu kilichofunikwa kwa gunia, kisha akalivuta gunia kama mtu anayezindua jengo.

Lilikuwa kegi la bia la chuma, lile la duara lenye mishikio juu.

"Nyamin," akamwambia mama, maana yake dada yangu, "lete hao vijana wa chifu sasa. Hili wakilipiga shoka, shoka ndilo litalia."

"Umelitoa wapi?" mama akauliza.

"Kwa fundi wa vitanda. Alikuwa anawekea thinner ya kuzimulia vanishi."

"Thinner?"

"Si kitu. Linaoshwa. Chuma hakinywi kitu, si kama plastiki."

Akatueleza atakavyofanya. Atachomelea shingo juu ya mdomo, shingo ishike bomba la shaba, bomba lipite ndani ya ndoo ya maji baridi na kutokea chini. Mvuke unaingia, tone linatoka. Nililielewa kabla hajamaliza, kwa sababu ndilo umbo lililo kwenye kitabu cha kidato cha kwanza, ukurasa wa utoneshaji, ila kwenye kitabu vyombo ni vya kioo. Nilitaka kusema hivyo, lakini nikaona haya.

"Wewe msomi mbona unatabasamu peke yako?" anko akaniuliza.

"Hakuna, anko."

"Sema bwana. Hapa si kwa hedimasta."

Nikasema maji ya ndoo yawe yanabadilishwa, yakipata joto mvuke utatoka bila kugeuka. Anko akampigia mama makofi begani. "Unaona? Shule si hasara. Engineer huyu hapa."

Mama alicheka. Sikumbuki alicheka lini mara ya mwisho. Nami nilifurahi, siwezi kudanganya hapa. Nilifurahi njia yote mpaka nyumbani.

Jumatano, 11 Juni

Mama ana homa ya mafua. Nusu ya ploti wanakohoa. Baridi ya mwaka huu imekuja mapema.

Jumamosi, 14 Juni

Anko Oluoch alileta kegi kwa mkokoteni, limefungwa ndani ya godoro kuukuu ili watu wadhani tunahamia. Shingo imeshachomelewa, bomba limezungushwa kama chemchemi ya kitanda.

Alimwambia mama alilijaza maji mpaka pomoni kabla ya kuwasha moto wa kuchomelea. "Kitu kilichokaa na thinner, ukiweka moto bila maji, unaenda kwa Mungu na kegi mkononi."

"Kwa hiyo limetakata?" Mama aliuliza kwa sauti ya puani.

"Sijui, dada. Kwangu kila kitu kinanuka rangi, hata chapati. Osheni na Omo na mchanga, mtikise sana, halafu mnuse. Likinuka chochote, msipike. Mnaosha tena. Mkono hauwezi kuingia hapo kwa mdomo, ni pua tu itaingia."

Mama alipenga kamasi kwenye kitambaa. "Pua yangu imekufa wiki hii." Kisha akanigeukia. "Hope atanusa."

Hapo ndipo ningesema. Ninaandika ili nijue kwamba nilipaona mahali pale na nikapita.

Jumatatu, 16 Juni

Leo niliosha kegi. Mama alikuwa Lavington, akifua na homa yake. Nilitia Omo, mchanga wa mtoni na maji, nikalilaza na kulisukuma kwa miguu mbele na nyuma uani mpaka magoti yakaniuma. Nilimwaga maji. Nikarudia. Maji yalitoka meupe. Nikamulika ndani kwa tochi ya simu, lakini mdomo ni mwembamba na mwanga ukiingia macho hayaingii. Niliona kipande tu cha upande mmoja kikimetameta. Chini hakuonekani.

Kisha nikaweka pua kwenye mdomo wa kegi, nikavuta hewa kama mtu anayejua.

Nilihisi ubaridi kidogo ndani ya pua, kama mtu aliyelamba peremende. Si harufu, ni ubaridi tu. Nikaangalia huku na huku nimtafute mtu wa kumtazama usoni. Hakukuwa na mtu. Kuku wa Mama Gathoni tu, na kuku hana uso wa kusomeka.

Jioni mama aliuliza, "Linanuka?"

Nikasema, "Sikusikia harufu yoyote."

Ni kweli kila neno. Nimelifikiria jibu hilo tangu nilipolala, na ninaona nilichagua maneno yake vizuri sana.

Alhamisi, 19 Juni

Mama ameanza kuchachusha kangara. Mvua.

Jumatatu, 23 Juni

Mzee Nzuki ameniletea magazeti. Yeye ni mlinzi wa geti kwenye maghorofa ya Satellite. Wapangaji wakimaliza kusoma yeye anakusanya, na Jumatatu ananiletea yote ya wiki. Ananiita Mhariri. Tunajaza fumbo la maneno pamoja, amekaa kwenye kigoda nje ya mlango wetu, mimi ndani na kalamu. Amekuwa mteja wa mama tangu sijaanza shule. Mke wake yuko Kitui, huja mara moja kwa mwaka na kumsemesha mama kama mke mwenza, kwa utani.

"Mhariri, 'mfalme wa nyuki', herufi sita."

"Hakuna mfalme wa nyuki, Mzee. Ni malkia."

"Basi aliyeandika hili hajawahi kuumwa. Mimi ninaitwa Nzuki, yaani nyuki mwenyewe. Ningejua mfalme wangu."

Akamwuliza mama lini jiko litawaka tena, maana amechoka kunywa vitu vya watu ambao hawawezi kunywa wanachouza. Hiyo ndiyo desturi ya mama, na ndiyo inayomletea wateja: kila pishi jipya anamimina kikombe cha kwanza na kukinywa yeye mwenyewe mbele ya watu. Hanywi siku nyingine yoyote. Anasema mpishi asiyeonja ni mwuaji anayejificha.

Jumamosi, 28 Juni

Pishi la kwanza. Kuni zilikuwa mbichi, moto haukukubali kushika, na mama alijaza kegi nusu tu kwa kujaribu. Nilibadilisha maji ya ndoo. Tone lilianza kutoka alasiri, jembamba, safi kuliko la pipa la zamani. Mama alilitazama kama mtu anayemtazama mtoto mchanga.

Wateja walikuja mtoni wachache. Mama alimimina kikombe cha kwanza akakiinua, kisha akasita. Mtu wa duka la dawa alikuwa amempa vidonge vya kifua na kumwonya asichanganye na pombe.

"Siwezi leo," akasema. "Niko kwa dawa."

Watu wakanung'unika. Jamaa mmoja akasema, "Sasa Mama Hope, leo ni bahati nasibu?"

"Hope amenusa kegi," mama akajibu. "Na pua ya huyu ni yangu. Hope, nusa na hii."

Akaninyooshea kikombe. Watu wote walikuwa wananitazama mimi. Nilitazama nyuso zao moja baada ya nyingine na hakuna hata moja iliyoniambia kitu, kwa sababu zote zilikuwa zinangoja uso wangu. Upepo ulikuwa unatoka upande wao. Nusu yao walikuwa na mafua.

Nikakunja shingo juu ya kikombe. Nikasema, "Mmh."

"Leteni hapa basi," Mzee Nzuki akasema. "Mhariri amepitisha."

Akanywa yote kwa mara moja, kama dawa.

Jumapili, 29 Juni

Mzee Nzuki alipita tukielekea kanisani, ameshika kichwa. "Mama Hope, jana ulinipikia nini? Ulinipikia mlango. Naulamba mdomo naona kama nimelamba mlango mpya."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka. Nilikuwa wa mwisho kuacha.

Jumanne, 1 Julai

Mzee Nzuki amepona kichwa. Alisema Jumapili yote aliona kama kuna ukungu, lakini hata siku hizi ukungu upo kweli.

Jumatano, 2 Julai

Anko Oluoch alipiga simu. Kuna matanga Kibera, mtu wao amekufa, watu watakesha Jumamosi ya tarehe kumi na mbili na wanataka pishi zima. Mama alizima simu akakaa kwenye kitanda. Kisha akasema nitarudi shuleni muhula ujao bila kuitwa ofisini kudaiwa karo hata mara moja. Nilienda kuteka maji ambayo hatukuyahitaji.

Jumamosi, 5 Julai

Pishi la pili, kegi likiwa limejaa. Kuni kavu. Moto ulinguruma tangu asubuhi, na chuma chini kikawa cheusi halafu chekundu. Kutoka ndani nilisikia mlio mdogo, kama kitu kinachobanduka. Nilimwambia mama. Akasema ni molasi inayoshika chini.

Mitungi imejaa, iko chini ya kitanda ikingoja matanga. Mzee Nzuki alinunua chupa mbili akaenda nazo, kwa sababu Jumatatu wamewaambia walinzi wasije kazini.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba, siku ya maandamano. Hakuna shule. Barabarani matairi yanawaka, na vitoa machozi vilifika mpaka ndani ya ploti. Kila mtu anakohoa na kufunika pua kwa leso iliyolowa. Mimi ni macho tu yaliyotoa maji. Tulikaa ndani siku nzima. Mzee Nzuki hakuleta magazeti, na hilo halikunishangaza.

Jumanne, 8 Julai

Leo nitaandika yote kwa mpangilio.

Shuleni, kabla ya kengele, Waithira alijimwagia sanitaiza kama kawaida, kisha akamwaga kwenye sweta yangu. Kwenye sweta. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikamwambia, "Kama unanichukia hama dawati."

Alinitazama kama nimempiga. "Nani anakuchukia?"

"Hii dawa yako ya kila siku."

Akainamisha kichwa karibu yangu na kuongea polepole ili wengine wasisikie. "Hope, wewe kwani husikii? Unanukanga chang'aa. Sweta, vitabu, kila kitu. Becky na wenzake waliuliza tukiwa form one ni nani ananuka pombe, nikasema ni mimi, ni sanitaiza yangu, mama yangu ni mwoga wa viini. Tangu hiyo siku ni lazima nikuje nayo. Unajua hii kitu inakauka mikono aje?"

Alinionyesha mikono yake. Imepasuka kwenye viungo vya vidole.

Miaka yote hii nilidhani. Hata sijui niandike nini hapo.

Kisha akasema, "Lakini hii wiki si hiyo. Hii wiki unanuka vanishi. Kama kitanda kipya. Mmenunua kitanda?"

Nikakumbuka mlango wa Mzee Nzuki.

Sikuomba ruhusa. Nilitoka getini kwa mara ya kwanza maishani mwangu bila kumwambia mwalimu, nikaja nyumbani kwa miguu. Mama alikuwa bado Lavington. Nilikwenda chumba cha Mzee Nzuki, cha mwisho upande wa choo. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa kitandani, gazeti la wiki jana limefunguliwa mapajani, limepinduka, picha zikitazama chini.

"Nani huyo?" akauliza.

"Ni Hope."

"Mhariri! Ingia. Ukungu leo ni mwingi kweli."

Hakukuwa na ukungu. Kulikuwa na jua, la kwanza tangu Juni, limeingia mpaka kwenye miguu yake.

Nilimwuliza anaona vidole vyangu vingapi. Akacheka, akasema mimi si daktari. Nikauliza tena. Akalikunja gazeti. Halafu akasema, "Mhariri, usimwambie mama yako. Atafikiri ni pishi lake. Mimi ni uzee tu."

Mama aliporudi jioni nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni, bila kuvua sweta. Nilimwambia sisikii harufu, tangu korona, na kwamba kegi sikulinusa.

"Unasema nini?"

"Sinusi, mama. Tangu korona sijanusa kitu."

"Wewe umenusa. Nimekuona. Si ulisema mmh?"

"Nilikuwa naangalia watu."

Hakuamini. Alidhani nimeogopa polisi na ninatafuta njia ya kuharibu pishi la matanga. Akaniambia nifumbe macho. Nikasikia akimimina kitu. "Hii ni nini?" Akaniwekea kikombe chini ya pua. Nikasema sijui. "Na hii?" Sijui. "Hope, usinichezee. Na hii?"

"Sijui, mama."

"Fungua macho."

Vikombe vilikuwa vitatu mezani. Kimoja kilikuwa na maji. Kimoja kilikuwa na parafini ya jiko. Cha tatu kilikuwa na samaki wa jana, waliooza, aliokuwa anataka kuwatupa. Mama mwenyewe, na pua yake iliyoziba, alikuwa amegeuza uso kwa ajili ya wale samaki.

Alikaa chini. Akanivuta kichwa, akakiweka kwenye bega lake, jambo ambalo hajafanya tangu baba arudi Ahero na kukaa huko. "Nyathina," akasema. Mtoto wangu. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na kangara nyuma ya kitanda."

Alilielewa jibu hilo polepole. Niliona linaingia.

Kisha akainuka, akatoa mitungi yote chini ya kitanda, akaifungua na kuinusa mmoja mmoja, akivuta kwa nguvu mpaka machozi yakamtoka. Kwenye mtungi wa tatu akasimama. "Ninasikia," akasema. "Kwa mbali. Kama duka la majeneza." Tulimwaga yote mtaroni, mimi na yeye, tukipokezana. Akampigia anko Oluoch akamwambia hakuna kitu cha matanga na asiulize.

Nikamwambia kuhusu macho ya Mzee Nzuki. Hapo akawa mtu mwingine.

"Hospitali watauliza alikunywa kwa nani."

"Ndiyo."

"Hope. Mimi nikifungwa wewe utakaa na nani?"

Alisema kesho atampelekea maziwa mengi, maziwa husafisha. Alisema pengine ataamka yuko sawa kama ile mara ya kwanza. Alisema hayo akiwa amenipa mgongo. Ninamjua mama yangu. Haamini maziwa.

Nimebakiza chang'aa kidogo kwenye chupa yangu ya maji ya shule. Hajui.

Alhamisi, 10 Julai

Haya ndiyo niliyofanya jana.

Nilivaa sare kama ninayekwenda shule. Mama alipotoka kutafuta maziwa, nilikwenda kwa Mzee Nzuki nikamwambia tunatoka. Alisema hataki. Nikamwambia kuna fumbo la maneno siwezi kulimaliza peke yangu. Akasema, "Mhariri, hujui kudanganya," lakini akasimama. Nilimshika mkono. Alikanyaga kila dimbwi kati ya Kongo na zahanati, na hakulalamika hata mara moja.

Daktari aliyetupokea alikuwa msichana mdogo, kibandiko kifuani kimeandikwa Angeline. Alimmulika Mzee Nzuki machoni kwa tochi. Akauliza alikula nini, alikunywa nini.

"Dawa ya mafua," Mzee Nzuki akasema.

"Mzee, nisaidie nikusaidie. Umekunywa pombe?"

"Mimi ni mtu wa kanisa."

"Sikuulizi kanisa. Kuna sumu inaua macho, na iko na dawa yake, lakini siwezi kukuwekea kwa kubahatisha. Umekunywa nini, na imetoka wapi?"

Mzee Nzuki akafunga mdomo. Uso wake ulikuwa umegeukia ukuta, lakini alikuwa anautafuta mkono wangu kwenye benchi, na alipoupata aliubana. Nilijua ananiambia ninyamaze.

Mimi hushindwa hata kujibu mwalimu akitaja jina langu. Nilisimama. Sauti yangu ilitoka ndogo nikarudia kwa nguvu zaidi. Nilisema amekunywa chang'aa Jumapili na Jumatatu, chupa mbili. Nilisema imepikwa kwenye kegi lililokuwa na thinner ya vanishi. Nilisema aliyepika ni mama yangu, Rosebella, wa Kongo, kwenye ploti ya Mzee Mbuthia. Nilisema aliyetumwa kunusa ni mimi, na mimi sinusi.

Kisha nikampa chupa yangu ya shule.

Alifungua kifuniko akaisogeza puani. Nilimtazama usoni. Sura yake ilirudi nyuma yote kwa pamoja, macho, mdomo, shingo, na mkono ukaisukuma chupa mbali kabla yeye mwenyewe hajaamua. Nilitazama mpaka mwisho. Ndivyo nilivyojua kitu kile kinanuka namna gani.

Walimwekea dripu na kuita ambulensi impeleke hospitali kubwa. Daktari alisema hajui macho yatarudi kiasi gani. Alisema tumechelewa, lakini hatujachelewa kabisa. Aliandika jina la mama na la ploti, akaniambia lazima aripoti, nami nikasema najua. Ambulensi ilikawia, kwa hiyo nilimsomea Mzee Nzuki gazeti la wiki jana, kurasa za michezo, halafu matangazo ya vifo, kwa sababu huyapenda. Alinisahihisha jina la kijiji kimoja cha Kitui.

Walipomwondoa nilirudi nyumbani kwa miguu. Maziwa yalikuwa mezani, pakiti nne, hayajafunguliwa. Mama alikuwa ameketi uani juu ya kegi, amevaa nguo zake za kanisa, begi dogo miguuni. Majirani walikuwa wameniona nikimwongoza Mzee Nzuki. Anko Oluoch alikuwa amesimama kando na nyundo kubwa na tindo, na mdomo wa kegi ulikuwa umeshapigwa ukajikunja ndani, hakiwezi kuingia kitu tena.

Nilimwambia nimetaja jina lake. Nikamwambia nimetaja na langu.

"Anaona?" akauliza.

Nikasema kidogo. Nikasema hawajui.

Akasogea akanipa nafasi. Nikaketi kando yake juu ya kile chuma baridi, tukawangoja polisi.